Maziwa Jichoni mwa Simbilisi

Simbilisi anapokaa kitako, akainua mikono yake miwili na kuanza kujipangusa uso, mtazame macho. Ukibahatika utaona kitone cheupe kikitokeza pembeni mwa jicho, kikatanda juu yake kwa sekunde chache, kisha mikono ikakichukua na kukipaka mashavuni. Basi, imekwisha. Dakika moja baadaye jicho ni safi, linang'aa, na manyoya ya uso yamelala vizuri. Hayo ndiyo maziwa ambayo watoto huyakimbilia kuyaripoti kwa hofu: "Mama, simbilisi anatoka usaha!" Si usaha. Ni maji yake ya kunawia, hutoka kwenye macho yote mawili kwa pamoja mara chache kwa siku, na kwa kuwa hukaa muda mfupi mno mtu anaweza kufuga kwa miezi mingi bila kuyaona hata mara moja.

Kinachoyatenga na ugonjwa ni muda zaidi kuliko rangi. Maji ya kunawia huja na kuondoka. Ukimfuta, ukarudi baada ya robo saa ukakuta jicho limelowa tena, hayo ni mengine. Manyoya ya chini ya jicho yakiwa yameshikana, au ngozi ya hapo imeanza kunyonyoka, ujue machozi yamekuwa yakishuka siku nyingi na hukuona. Tongotongo dogo la asubuhi, jeupe au lisilo na rangi, linalotoka likiguswa tu na kitambaa, halina neno. Hata sisi tunaamka nalo. Lakini tongotongo zito la njano au la kijani, linalogandisha kope mpaka jicho halifunguki, ni ugonjwa bila mjadala.

Nitasema mapema ninachoamini, ili msomaji wa Bukoba au Muleba asilazimike kukitafuta. Jicho la simbilisi wa huku kwetu aghalabu limeumizwa na nyumba anayolala au majani anayolishwa, hata pale ambapo vimelea vimekuja baadaye kumalizia kazi. Kwa hiyo kabla ya kutuma mtoto duka la dawa, tazama jiko na tazama kapu la majani.

Ila kwanza mtazame mnyama mwenyewe. Mviringishe kwenye kipande cha kanga, kichwa kikiwa nje, umpakate huku umemshikilia makalio asihisi anadondoka. Washa tochi ya simu, mwanga uje kwa ubavuni. Ukimmulika usoni moja kwa moja atafumba. Linganisha jicho na jicho. Je, moja ni dogo kuliko jingine kwa sababu amelikunja? Kope zimevimba? Ile nyama ya ndani ya kope ni ya waridi hafifu au imekuwa nyekundu? Kwa simbilisi weupe wenye macho mekundu usidanganyike: mboni nyekundu ndiyo rangi yao ya kuzaliwa, wekundu wa ugonjwa uko kwenye kope na kwenye weupe wa jicho. Kisha geuza mikono yake uangalie upande wa ndani, juu kidogo ya kiganja. Manyoya ya hapo yakiwa yamegandamana na kukakamaa, amekuwa akijifuta macho na pua usiku kucha. Mikono haifichi siri ambayo uso umeshaifuta.

Macho yote mawili yakilia sawasawa, shuku hewa, chakula au maambukizi. Likilia moja, shuku kitu kilichoingia, mkwaruzo, au jino. Si kanuni ya chuma, lakini inakupa pa kuanzia.

Sasa jiko. Katika miji mingi ya huku simbilisi hawana banda. Wanaishi jikoni, chini ya uchaga wa kuni au pembeni ya mafiga, wakipita kati ya miguu ya watu na kuokota maganda ya ndizi. Sababu zake ni za maana: jikoni kuna joto, mlango unafungwa usiku, na paka, mbwa na nguchiro hawaingii kirahisi. Tena si sisi peke yetu. Huko Peru na Bolivia, kwenye milima ya Andes walikotoka wanyama hawa, familia za vijijini zimewafuga jikoni tangu zamani sana, na Iringa na Kivu ya Kusini utawakuta vivyo hivyo. Shida ni kwamba jiko la kuni lina moshi, na Bukoba, inayopata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, ina miezi ambayo kuni kavu ni ndoto. Kuni mbichi za masika hutoa moshi mzito wa kuchoma macho. Mpishi ana mlango, anatoka nje akapunga hewa. Simbilisi hana pa kwenda.

Moshi una mwenzake ambaye watu hawamfikirii: mkojo. Simbilisi hukojoa sana kwa kimo chake, na mkojo ukikaa kwenye nyasi zilizolowa hutoa hewa kali ya amonia. Hewa hiyo huwa kali zaidi chini, pale pale kwenye macho ya mnyama mwenye kimo cha sentimita kumi na kitu. Wewe uliyesimama huisikii. Fanya hivi: piga magoti, inama mpaka uso wako ufike wanapolala, ukae hapo ukivuta pumzi kumi za kawaida. Pua ikianza kuwasha au macho kuchonyota kabla hujamaliza, umeshajua kwa nini wao wanatoa machozi. Sisi tunaotandika nyasi sebuleni tunajua vizuri kwamba nyasi zikichoka hunuka na hubadilishwa kwa heshima ya wageni. Za simbilisi zibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, na msimu wa mvua kila siku zile sehemu wanazokojolea, maana wana tabia ya kuchagua pembe na kuirudia.

Sisemi uwatupe nje kwenye baridi ya usiku wa Kamachumu. Sanduku la mbao lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye wavu wa waya upande wa mbele, linaweza kukaa kwenye baraza la nyuma au chumba cha stoo, mradi upepo na mvua ya ziwani visipige moja kwa moja. Sakafu iwe ya mbao iliyofunikwa nyasi kavu. Waya wa chini huwaumiza nyayo. Ukitumia maranda ya seremala chagua yale mapana, na unga wa msumeno uuache huko huko karakana, kwa kuwa vumbi lake ni adui wa macho sawa na moshi. Maranda ya msonobari mbichi, yenye harufu kali, nayo yaache. Na kama hakuna njia ila jikoni, basi angalau wahamishie upande ulio mbali na moto, karibu na dirisha, na uwatoe kabisa wakati wa kuwasha kuni mbichi. Machozi ya moshi hupungua ndani ya siku mbili tatu baada ya kuhama. Yasipopungua, tafuta sababu nyingine.

Kapu la majani lina visa vyake. Aliyepita kwenye kibanja kilichoachwa bila kupaliliwa anaijua kishona nguo, zile mbegu nyembamba nyeusi zenye meno mawili au matatu nchani zinazojishona kwenye suruali na kanga. Mmea wenyewe ukiwa mchanga simbilisi huula bila tatizo. Ukikomaa ukafungwa kwenye tita moja na nyasi, zile mbegu zinaingia bandani, naye mnyama anayependa kujichimbia ndani ya majani huzipokea usoni. Mabingobingo tunayowakatia ng'ombe nayo yana kingo za kukata na vinyweleo vikali. Kwa simbilisi kata machanga, uyakatekate vipande vifupi, na usirundike shina nzima wanamolala. Nyasi kavu zenye masuke yenye miba, hivyo hivyo: masuke yatoke kwanza.

Jicho lililochomwa utalijua. Ni moja, limefumbwa, machozi ni mengi na ya maji tupu siku ya kwanza, na mnyama anakwepesha kichwa ukilisogelea. Hapo kazi yako ni kusuuza tu. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, yatie kwenye chupa safi ya soda ya mililita 350 pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, utikise mpaka iyeyuke. Chovya pamba au kitambaa safi, kamulia matone juu ya jicho ili maji yatiririke kutoka pembe ya puani kuelekea nje, kisha lainisha tongotongo lililoganda kwa kuliwekea kitambaa chenye maji kwa dakika moja kabla ya kulifuta. Kulibandua kavu ni kuling'oa pamoja na ngozi. Kila jicho litumie kitambaa chake. Ukiona mbegu imeelea juu na inatoka yenyewe na maji, vema. Ikiwa imekita, usiifuate kwa sindano, mwiba wala ncha ya kiberiti.

Baada ya kusuuza tazama uso wa jicho kwa ubavuni. Ukiona doa la bluu-bluu au jeupe juu yake, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, na hicho ni cha siku ile ile, si cha kusubiri Jumatatu. Kidonda kinaweza kutoboka, na likitoboka jicho limekwenda. Usichanganye na weupe ulioko ndani kabisa ya mboni kwa simbilisi mzee. Huo ni mtoto wa jicho, hauumi na hauna haraka. Wala usishtuke ukikuta kinyama cheupe cha mviringo, sawa na punje ya njegere, kikining'inia ndani ya kope ya chini kwa mnyama mnene asiye na machozi wala maumivu. Ni mafuta. Kiache.

Kuhusu chakula, watu wengi hawajui kwamba simbilisi ana udhaifu tulio nao sisi binadamu: mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Mbuzi, ng'ombe, mbwa na hata sungura hujitengenezea. Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakawaona wakipata kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza mabaharia, na kutokana na wanyama hao utafiti wa vitamini hiyo ukapata njia. Kwa mfugaji maana yake ni kwamba simbilisi anayelishwa pumba na maganda ya ndizi peke yake huanza kudhoofika ndani ya wiki mbili tatu: manyoya yanasimama, viungo vinauma akishikwa, fizi zinatoka damu, macho na pua vinafanya magamba, na kila mdudu anayepita humkuta bila ulinzi.

Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na akiumwa azidishiwe. Wengi wa hapa hawafiki kilo moja. Pera lina zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100, kwa hiyo kipande cha gramu 10, ambacho mtoto anaweza kukikata kwa kisu cha mezani, kinatosha siku nzima. Mkoa wenye mipera inayoota yenyewe pembezoni mwa njia hauna sababu ya kuwa na simbilisi wenye kiseyeye. Papai linafaa, pilipili hoho inafaa, mchicha na matembele pia, mradi ni mabichi na hayajanyauka juani. Kisamvu kibichi usiwape kwa sababu ya sumu yake, majani ya viazi mviringo pia, na miparachichi iliyojaa vibanjani isikudanganye: majani na maganda yake yana sumu.

Jino nalitaja kwa kifupi kwa kuwa nyumbani hutalitibu. Simbilisi ana meno 20, yote yanaota maisha yake yote, na yanasagwa na nyasi. Anayekula vilaini tu, magego yake hurefuka, na mizizi ya magego ya juu husukuma hadi chini ya jicho. Dalili ni jicho moja lenye machozi yasiyokoma au lililotokeza nje, kidevu kilicholowa mate, na mnyama anayekimbilia chakula kisha akakiacha. Nyasi ndefu kila siku ndiyo kinga yake.

Sasa maambukizi, ambayo mara nyingi huja na mgeni. Umenunua jike sokoni Nshamba au umeletewa zawadi na shemeji kutoka Kemondo, umemwachilia kati ya wenzake siku hiyo hiyo, na wiki ya pili nusu ya kundi wana macho mekundu. Mgeni akae peke yake wiki mbili au tatu, akihudumiwa mwisho, na mikono inawiwe. Wadogo wa umri wa wiki chache ndio hushikwa zaidi na klamidia ya simbilisi, inayovimbisha kope na kutoa tongotongo jeupe hadi la njano. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki tatu nne, lakini macho yao yanahitaji kusafishwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba mtoto wa simbilisi huzaliwa macho wazi, manyoya yamejaa. Aliyezaliwa leo akiwa amefumba jicho si kwamba bado mchanga. Ana tatizo, pengine kope iliyojikunja ndani na vinyweleo vinavyokwaruza.

Macho na pua vikitoka pamoja, na ukimweka sikioni ukasikia kukoroma au kubofyabofya kifuani, hiyo ni nimonia na inaua haraka. Mmoja wa bakteria wanaoileta, Bordetella, hukaa kwa sungura na mbwa bila kuwasumbua. Basi ile desturi ya kuwachanganya sungura na simbilisi banda moja kwa kuwa "wote wanakula majani" iachwe.

Na watu je? Klamidia hii ya simbilisi mara chache humpata binadamu. Mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi waliripoti watu watatu waliougua nimonia kali kutokana nayo. Hakuna haja ya kuwafukuza wanyama nyumbani. Nawa mikono, usiwalaze kitanda kimoja na watoto, na anayehudumia wagonjwa akipata kikohozi na homa amwambie daktari anafuga nini.

Nikifika kwenye dawa naomba usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo simbilisi wengi hufa kwa mkono wa anayewapenda. Penisilini na jamaa zake ni sumu kwao. Amoksilini iliyobaki kwenye kabati baada ya mtoto kupona, ampisilini, ile sindano ya Penstrep inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe: zote huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi, wabaya wakashika nafasi, na mnyama akafa kwa kuhara siku chache baadaye huku jicho limepona. Hili linajulikana tangu mwaka 1943. Wasimulizi wa historia ya tiba hupenda kukumbusha kwamba tarehe 25 Mei 1940, kule Oxford, penisilini ilijaribiwa kwa panya wanane; laiti wangewachukua simbilisi, huenda dawa ile ingetupwa jalalani.

Matone ya macho ya binadamu nayo yana mtego. Mengi yana deksamethasoni au dawa nyingine ya jamii hiyo, ambayo huondoa wekundu upesi na kufanya uonekane umetibu. Jicho lenye kidonda likitiwa hiyo, kidonda huchimbika. Soma kijikaratasi, ukiona jina hilo, rudisha. Maziwa ya mama, chai ya rangi, maji ya tumbaku na mafuta ya taa, ambavyo kila kimoja nimesikia kikipendekezwa na mtu mwenye nia njema, visifike jichoni. Maji ya chumvi yanatosha mpaka mtaalamu aone.

Mtaalamu huyo, kwa wengi wetu, ni afisa mifugo wa kata, na juu yake daktari wa mifugo wa halmashauri. Amezoea ng'ombe na mbuzi, na hakuna aibu katika hilo. Mwambie mapema, "Afisa, ni simbilisi, na nimesikia hawapatani na penisilini," naye atachagua dawa nyingine na kipimo kinacholingana na mnyama mdogo. Muulize kama anaweza kutia ile rangi inayong'aa kijani kwenye kidonda cha jicho. Ndiyo njia ya kujua kama kioo kimechubuka. Aliye Bumbire au Goziba, ambako mtaalamu ni safari ya boti, apige picha mbili za mchana, moja ya kila jicho, azitume kwa simu pamoja na uzito wa mnyama uliopimwa kwenye mizani ya dukani. Uzito ndio unaoamua dawa.

Wakati unasubiri, mlinde tumbo. Simbilisi mwenye maumivu huacha kula, na akikaa siku nzima bila kula utumbo husimama. Hapo jicho si tena tatizo kubwa. Hesabu vinyesi vyake asubuhi. Vikipungua au vikawa vidogo vikavu, mponde pera na majani laini kwa maji, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, ukimwachia ameze.

Na kama jicho limeshapotea, usimchinje kwa sababu hiyo tu. Simbilisi hutegemea zaidi pua, masikio na masharubu, na mwenye jicho moja, hata asiye na lolote, hula, hunenepa na kuishi na wenzake. Usihamishe bakuli la maji wala pango la kulala, msemeshe kabla ya kumshika, na umshike kwa upande anaoona.